Filamu ya Mary Kom: wahakiki walisema nini hasa?

Filamu ya maisha ya bondia Mary Kom iliingia kwenye kumbi za India tarehe 5 Septemba 2014, siku moja baada ya kuoneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Mpaka leo ukiitaja mbele ya wapenzi wa sinema za Kihindi, mmoja ataapa kwamba wahakiki waliimwagia sifa, na mwingine atadai ilipondwa kwa sababu Priyanka Chopra, aliyemwigiza Mary, hafanani na bondia mwenyewe. Kila mmoja ana nusu ya habari, na mara nyingi nusu hiyo nayo imepinda.

"Wahakiki waliisifu filamu."

Walimsifu mwigizaji. Wengi wao walimtenga Priyanka na filamu aliyomo: mwili alioujenga kwa mazoezi, namna anavyosimama ulingoni, ukali unaowaka haraka kuliko busara. Hapo hawakuwa na ubishi mkubwa. Ubishi ulikuwa kwenye hadithi iliyomzunguka. Ilielezwa kuwa ya kukurupuka, yenye kiongozi wa chama cha ndondi aliye mbaya mwanzo mpaka mwisho bila chembe ya ubinadamu, na muziki unaokuamuru ulie kabla hujajua unalilia nini. Fainali ya mwisho inakwenda sambamba na upasuaji wa moyo wa mtoto wake, kisha unafuata wimbo wa taifa. Sisi tuliokulia na picha la Kihindi tunaujua mtindo huo na wala hautusumbui sana, lakini mhakiki aliyekwenda kutazama maisha ya mtu halisi ana haki ya kuhoji. Omung Kumar alikuwa anaongoza filamu kwa mara ya kwanza; kabla ya hapo alijulikana kwa kubuni mandhari za sinema.

Kwa maoni yangu, sehemu iliyo bora haina ngumi hata moja. Mary amejifungua pacha, watu wameanza kumsahau, na kazi anayopewa ni ya ukonstebo. Bingwa wa dunia! Anaikataa, na uso wa Priyanka hapo unasema mengi kuliko hotuba zote zinazofuata.

"Manipur waliigomea kwa sababu ya Priyanka."

Hii inarudiwa sana, na si kweli. Filamu haikuoneshwa kwenye kumbi za Manipur, jimbo la kaskazini mashariki ya India alikotoka Mary Kom mwenyewe, lakini marufuku hiyo ni ya zamani kuliko filamu. Mwezi Septemba 2000 kundi la waasi la Revolutionary People's Front liliamuru sinema za Kihindi zisioneshwe jimboni, likidai zinaharibu utamaduni wa wenyeji. Priyanka wakati huo hakuwa hata Miss World. Taji hilo alilipata Novemba mwaka huohuo. Hata milima unayoiona kwenye filamu si ya kijijini Kangathei alikokulia Mary. Sehemu kubwa ya mandhari hiyo ilipigwa Manali, Himachal Pradesh, mbali kabisa na Manipur.

"Malalamiko kuhusu sura ni mambo ya mitandaoni ya juzi."

Yalianza kabla filamu haijatoka. Priyanka alizaliwa Jamshedpur katika familia ya Kipunjabi. Mary ni wa kabila dogo la Wakom. Watu wa kaskazini mashariki ya India wamezoea kuitwa Wachina wakiwa ndani ya nchi yao, na kubaguliwa katika miji mikubwa. Mwishoni mwa Januari 2014, miezi saba hivi kabla ya filamu, kijana kutoka Arunachal Pradesh, jimbo jingine la eneo hilo, alifariki baada ya kupigwa jijini Delhi, katika ugomvi ulioanza kwa kudhihakiwa mwonekano wake. Katika hali hiyo, kuona mtu maarufu kuliko wote kutoka eneo lao akiigizwa na mgeni hakukuwa jambo dogo. Lin Laishram, mwigizaji wa Kimanipuri aliyepewa nafasi ndogo ndani ya filamu hiyohiyo, alisema wazi kwamba steringi angefaa kutoka kaskazini mashariki.

Wanaoitetea filamu wana hoja mbili. Ya kwanza, Mary Kom mwenyewe aliridhika na Priyanka na akamuunga mkono. Hilo ni kweli, na ni haki yake, ingawa ridhaa ya mtu mmoja haifungi midomo ya jamii nzima. Ya pili, bila nyota fedha zisingepatikana. Nayo ni kweli, lakini ndicho hasa kilicholalamikiwa: nyota wa kaskazini mashariki atatoka wapi ikiwa hata kisa cha mtu wao hapewi? Mwaka 2022 Priyanka mwenyewe alikiri kwamba pengine nafasi ile ilipaswa kwenda kwa mwigizaji wa huko, na kwamba tamaa ya uigizaji ndiyo iliyomfanya aikubali.

"Ni filamu ya medali ya Olimpiki."

Inaishia Ningbo, China, mwaka 2008, kwenye ubingwa wake wa nne wa dunia. Wakati huo ndondi za wanawake hazikuwamo kabisa kwenye Olimpiki. Ziliingia London mwaka 2012 zikiwa na uzito wa aina tatu tu, na Mary aliyezoea uzito mdogo alilazimika kupanda hadi kilo 51. Alipoteza nusu fainali kwa Nicola Adams wa Uingereza, akaondoka na shaba. Hayo yote hayamo.

"Ilipata Tuzo ya Taifa, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa bora mwaka ule."

Ilipata Tuzo ya Taifa ya filamu pendwa yenye burudani njema, kundi linalotazama mapokezi ya watu wengi. Filamu bora ya mwaka huo ilikuwa *Court* ya Chaitanya Tamhane, na mwigizaji bora wa kike alikuwa Kangana Ranaut kwa *Queen*. Priyanka, ambaye wahakiki walisema ndiye aliyeibeba filamu mabegani, hakupata Tuzo ya Taifa kwa kazi ile. Mary naye, chini ya mwezi mmoja tangu filamu itoke, alikuwa Incheon akivishwa dhahabu ya Michezo ya Asia.