Ukiombwa kuingia kwenye utafiti kabla ya operesheni, uliza hivi

Kuna swali moja ambalo mimi kama daktari wa usingizi natamani kila mgonjwa angeuliza pale anapoletewa fomu ya utafiti kabla ya operesheni, na wengi hawaulizi kabisa. Wanaishia kwenye "kwa hiyo mnataka kunifanyia majaribio?", alafu wengine wanakataa kwa woga, wengine wanasaini harakaharaka ili wasionekane wasumbufu. Swali lenyewe ni hili: nisipokubali, ningepewa nini?

Maana kwa tafiti nyingi za usingizi jibu ni kwamba ungepewa mojawapo ya vitu vilevile vinavyolinganishwa. Watu wanadhani ni dawa mpya imetoka maabara jana. Zipo za hivo, sikatai, na zina masharti makali zaidi, ila nyingi tunazofanya theta ni kulinganisha mambo yanayotumika kila siku, huyu daktari anapenda njia hii, mwenzake chumba cha pili anapenda ile, kila mtu anaapa ya kwake ndo bora na hakuna aliyewahi kupima vizuri.

Chukua mzee aliyevunjika nyonga. Unaweza kumpa nusu kaputi alale kabisa, au umchome sindano ya ganzi mgongoni huku chini asisikie maumivu. Miaka mingi wengi wetu tuliamini ya mgongoni ndo nzuri kwa wazee, eti hawachanganyikiwi sana baada ya operesheni na wanasimama mapema. Mwaka 2021 yakatoka majibu ya utafiti unaoitwa REGAIN, wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada, wote miaka 50 kwenda juu, nani apate nini iliamuliwa kwa kura. Baada ya siku 60, waliofariki au wasioweza kutembea kama mita 3 bila kushikwa na mtu walikuwa 18.5% kwa waliochomwa mgongoni na 18.0% kwa waliolazwa usingizi. Yani sawa tu, na hata kule kuchanganyikiwa hakukuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo siku hizi mzee akiniambia anaogopa sindano ya mgongo, na hana tatizo lingine la kufanya nusu kaputi iwe hatari kwake, simbishii.

Hiyo kura inapigwa na kompyuta, daktari hahusiki, na hapo ndo wagonjwa wengi wanapokwazika, "yani matibabu yangu yaamuliwe kwa bahati nasibu?" Sasa fikiria ningechagua mimi. Wale dhaifu ningewapa njia ninayoiona laini, tena bila hata kujijua, mwisho wa mwaka njia ile ingeonekana inaua watu kumbe wagonjwa wenyewe walikuja wakiwa hoi.

Na kama unaona madaktari si tayari tunajua, ya nini usumbufu wote huu, basi sikia stori ya metoprolol. Ni dawa inayopunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mantiki ilikuwa safi kabisa: operesheni inauchosha moyo, upunguzie mbio, utapona salama. Utafiti wa POISE, uliochapishwa 2008, ulichukua wagonjwa 8,351 waliofanyiwa operesheni zisizo za moyo, wengine wakaanzishiwa metoprolol saa chache kabla, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Shambulio la moyo na mengine ya moyo yaliyokuwa yanahesabiwa pamoja nalo yakapungua, na shambulio lenyewe lilitoka 5.7% likawa 4.2%, tungeishia hapo tungeshangilia. Ila waliokufa walikuwa 3.1% kwenye dawa na 2.3% kwenye kidonge kitupu, na kiharusi kilikuwa 1.0% dhidi ya 0.5%. Dawa ilikuwa inaokoa moyo na kumpoteza mwenye moyo. Bila kulinganisha watu wengi namna ile nani angeona? (Na kama unatumia dawa za jamii hiyo kila siku usije ukaziacha mwenyewe kisa umesoma hapa, POISE iliwaanzishia watu ambao hawakuwa wanazitumia, kuacha ghafla nako kuna hatari yake.)

Woga wa kufanyiwa majaribio una sababu, sio ujinga. Mwaka 1966 Henry Beecher, naye daktari wa usingizi kule Boston, alichapisha mifano 22 ya tafiti ambazo wagonjwa waliwekwa hatarini, na mara nyingi bila hata kuambiwa. Ndo maana leo kuna kamati za maadili na fomu za ridhaa, ingawa kusema kweli fomu nyingine ni ndefu hadi zinachosha na naona zinamlinda mtafiti kuliko zinavyomwelewesha mgonjwa.

Kwa hiyo usione aibu kusema "nieleze kwa mdomo". Kama utafiti ni wa dawa za maumivu, uliza nikiumia sana nitaongezewa dawa? Jibu linatakiwa liwe ndiyo, bila kusitasita, na likitokea la dharura lazima iwezekane kufungua siri ya nani kapewa nini, maana kwenye tafiti hizi mara nyingi wewe na daktari wako hamwambiwi. Unaweza kujitoa muda wowote na matibabu yako yakaendelea vilevile, ila sindano iliyokwisha kuingia haitoki, na taarifa zilizokusanywa kabla hujajitoa huenda wakabaki nazo, hilo nalo liulizie. Na kama fomu inaletwa uko tayari kwenye kitanda cha kuingilia theta, kwa operesheni iliyopangwa wiki nzima, mimi ningekataa tu, sio kwa sababu utafiti ni mbaya ila huo sio muda wa kumwomba mtu ridhaa.

Kitu cha mwisho, namba ya usajili wa utafiti. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba yanadai utafiti wa namna hii usajiliwe hadharani kabla ya kumwingiza mgonjwa wa kwanza, ili mtafiti asije akabadilisha swali baada ya kuona majibu. Mara nyingi namba inakuwa kwenye fomu, ipige picha na simu yako, miaka miwili mitatu mbele itafute mtandaoni uone walipata nini, maana wengi wetu hatukumbuki kukupigia.