Ukiiona tochi, yenyewe imeshakuona

Madereva wengi Tanzania wanaamini kwamba ukimwona trafiki na tochi yake ya kupima kasi, ukakanyaga breki haraka, umepona. Si kweli.

Tochi ya leza haisubiri gari lifike alipo askari. Hurusha mapigo mafupi ya mwanga usioonekana kwa macho, yanagonga gari na kurudi. Kwa kuwa mwanga husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, kifaa hupima umbali mara nyingi ndani ya muda mfupi mno, kisha hukokotoa kasi na kupiga picha. Hayo yote hufanyika gari likiwa mbali, pengine mita mia kadhaa, wakati ile sare nyeupe bado ni kidoa tu machoni pako. Unakanyaga breki picha ikiwa imeshapigwa.

Kutosimamishwa nako si kusamehewa. Picha inaweza kutumwa kwa askari aliye mbele, na deni huandikwa kwa namba ya gari. Ndiyo maana anayenunua gari lililotumika anaweza kurithi faini za mwenzake. Ingiza namba kwenye mfumo wa polisi kabla hujatoa pesa.

Faini ya shilingi 30,000 kwa kosa inauma, lakini kinachonitisha mimi ni kingine. Kibao cha 50, yaani mwisho kilomita 50 kwa saa, huwekwa penye makazi. Gari la kilomita 80 kwa saa hubeba nishati zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la 50, na anayegongwa anaweza kuwa mtoto anayevuka kwenda shule.