Ile simu ya "mwanao kaanguka shuleni" inaanzia wapi

Walimu na wakuu wa shule, leo naomba tuongelee ile simu. Mzazi yuko kazini saa nne asubuhi, inaingia namba ngeni, mtu anajitambulisha ni mwalimu wa zamu, anasema mtoto kaanguka na yuko hospitali, inatakiwa pesa ya vipimo sasa hivi. Anataja jina la mtoto, darasa, mpaka bweni. Mzazi gani hapo ana akili ya kuuliza maswali? Anatuma.

Mimi kazi yangu ni kutunza mifumo ya shule, na kuzipata namba za wazazi mara nyingi hakuhitaji haka (mdukuzi) yeyote. Ingia steshenari iliyo jirani na shule yoyote uangalie kompyuta wanayotumia wateja. Utakuta mtihani wa wiki ijayo, matokeo ya kidato cha pili, na lile faili la Excel lenye jina la mwanafunzi, mkondo, jina la mzazi na namba ya simu. Mwalimu alifungua WhatsApp yake pale aprinti haraka, akadaunilodi, kengele ikagonga akaondoka bila kulogauti, kwa hiyo hata grupu la walimu bado liko wazi pale na anayekaa baada yake anasoma kila kitu.

Ofisini nako pasiwedi ya mfumo wa ada ni moja, anayo mhasibu, anayo mtaaluma, anayo kijana wa fildi aliyeondoka mwaka jana, na imebandikwa pembeni ya monita. Hili sio la kwetu tu. Desemba 2024 kampuni ya PowerSchool, ambayo mfumo wake unatumiwa na shule nyingi sana Marekani na Kanada, iliingiliwa kwa pasiwedi iliyoibwa ya mtu mmoja, na mlango ule haukuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani ile ya kuulizwa kitu kingine baada ya pasiwedi, kama kodi ya kwenye simu. Zikaondoka taarifa za mamilioni ya watoto. Kampuni ikalipa ili zifutwe, na bado Mei 2025 shule zikaanza kutishiwa upya kwa data ileile! Aliyekiri kosa mahakamani ni mwanafunzi wa chuo, miaka 19.

Kwa hiyo mimi nasisitiza kila mtu awe na akaunti yake, hatua mbili ziwashwe, na anayeacha kazi afungiwe siku hiyohiyo. Orodha nzima ya wazazi haina sababu ya kuwa kwenye simu ya kila mwalimu, wa darasa abaki na ya darasa lake basi. Na hili ni sheria jamani, sio hisani: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Wazazi nao waambiwe tangu kwenye fomu ya kujiunga kwamba shule haiombi pesa ya matibabu kwa namba ya mtu, wakipigiwa wakate, wapige wenyewe namba ya shule. Na kama imeshatokea, namba ya tapeli iripotiwe TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) kupitia 15040, halafu mkuu wa shule awatumie wazazi wote meseji siku hiyohiyo, asione aibu, kwa sababu mwenye orodha hampigii mzazi mmoja akaishia hapo.