Mhadzabe wa kijiweni na Mhadzabe wa Eyasi

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa, lizuke suala la presha au kisukari, hakosekani wa kusema: "Wazee wetu hawakuyajua haya, walikula vya porini." Kisha anatajwa Mhadzabe, mtu wa jamii ya wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, kama ushahidi. Ila Mhadzabe wa kijiweni si yule wa bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, ambako watafiti wa afya na mageuzi ya binadamu wamekuwa wakipiga kambi kwa miongo kadhaa. Wa kijiweni hajawahi kupimwa na mtu. Tuyachukue maneno ya kijiweni moja baada ya jingine.

"Wale ni mababu zetu walio hai." Ni watu wa leo, kama mimi na wewe. Jumla yao ni elfu moja na ushei, na wanaotegemea zaidi uwindaji, asali, ubuyu na mizizi ni mia chache tu. Vyembe vya chuma kwenye mishale yao vingine hufuliwa na majirani zao Wadatoga. Mtafiti haendi kule kuchungulia enzi za mawe. Anataka kuona mwili wa binadamu unakuwaje pale mlo wa kila siku unapofuatwa kwa miguu.

"Zamani watu walikufa na miaka thelathini." Wastani wa umri wa kuishi wa Wahadzabe, ukihesabu tangu kuzaliwa, ni kweli uko kwenye miaka 33 hivi. Lakini hebu chukua watoto kumi. Wanne wafe kabla ya kutimiza mwaka mmoja na kitu, sita wafike 70. Wastani wao utakuwa kama 42, na hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 42! Kwa Wahadzabe, karibu nusu ya watoto walikuwa hawafiki miaka 15. Michael Gurven na Hillard Kaplan walipokusanya takwimu za jamii za wawindaji mwaka 2007, walikuta kwamba kwa waliovuka utoto, umri wa kawaida zaidi wa kufa ulikuwa miaka 72 hivi. Mvi zilikuwepo. Kilichokosekana ni chanjo, maji safi na mkunga mwenye vifaa, na hapo ndipo anayesifia maisha ya porini huwa anabadilisha mada.

"Tembea sana, utakonda." Hili liliwashangaza hata watafiti wenyewe. Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha watu wazima 30 wa Kihadzabe maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito, kisha wakakusanya mkojo kwa siku kadhaa. Oksijeni hutoka mwilini haraka kuliko haidrojeni kwa sababu sehemu yake huondoka na pumzi, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha mwili umechoma nishati kiasi gani. Majibu yalichapishwa mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anayezunguka porini kutwa nzima hutumia nishati sawa na Mmarekani wa ofisini. Mwili unabana matumizi kwingine. Usivue raba bado, maana presha ya kupanda ni adimu kwao na mioyo yao ni imara. Kutembea kunalinda moyo. Kitambi ni kesi ya sahani.

"Mwanaume ndiye aliyelisha ukoo, ndivyo tulivyoumbwa." Wapo wanaoitumia saikolojia ya mageuzi, yaani elimu ya jinsi mageuzi yalivyojenga tabia zetu, kama hati ya kukaa sebuleni wakisubiri chakula. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walipima mizigo iliyorudi kambini. Mwindaji anaweza kumaliza mwezi bila kuangusha mnyama mkubwa. Bibi yeye, na kijiti chake kilichochongwa ncha, anachimba mizizi kwenye ardhi ngumu karibu kila siku. Mama akiwa na kichanga, uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulifuata juhudi za bibi. Kutoka hapo ndipo ilipopata nguvu hoja kwamba wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu wajukuu walinusurika mikononi mwao.

"Usipolala saa 8 mfululizo, wewe ni mgonjwa." Wapo wazee wanaokwenda zahanati kuomba dawa kwa sababu wanaamka saa tisa usiku. David Samson na wenzake waliwavisha Wahadzabe 33 vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Vijana walichelewa kulala, wazee walidamka mapema, na mchango mkubwa wa kupishana huko ulitokana na tofauti ya umri tu. Hakuna aliyepangiwa zamu, lakini karibu usiku kucha kambi ilikuwa na mtu macho.