Maneno 80 kwa dakika

Soma tangazo lolote la nafasi ya Katibu Muhtasi Daraja la Tatu katika halmashauri za Tanzania. Sifa zake zimezoeleka mpaka waombaji wamezikariri: cheti cha kidato cha nne, mafunzo ya uhazili, mtihani wa hatua ya tatu, hatimkato (mwandiko wa mkato wa kunasa maneno yanaposemwa) ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika. Mstari unaofuata unahusu kompyuta, nao kwa kawaida unamtaka mwombaji ajue Word, Excel, PowerPoint, intaneti, barua pepe na Publisher.

Kazi yangu ni kufunga maabara za kompyuta mashuleni na kuwanoa walimu watakaozitumia. Mistari hiyo miwili huwa naikumbuka kila yanapozuka mabishano mawili yasiyokwisha kwenye vyumba vya walimu: programu za kampuni au programu huria (ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichungulia ndani, kuzibadilisha na kuzigawa), na elimu ya zamani au ya siku hizi. Watu huyatenganisha. Kwangu ni ubishi ule ule mmoja.

Maneno 80 kwa dakika ni kipimo cha mtu. Aliyepitia Chuo cha Uhazili Tabora enzi za mashine za chapa alipimwa kasi na makosa. Mashine iwe Olympia, iwe Imperial, haikumwongezea maksi wala kumpunguzia. Mstari wa pili, ukitoa intaneti na barua pepe, ni orodha ya bidhaa za kampuni moja. Hausemi mwombaji afanye nini nazo, wala kwa ubora gani. Publisher ndiyo inanichekesha zaidi: Microsoft wenyewe wameshatangaza kwamba Oktoba 2026 wanaacha kuihudumia. Yaani huenda wiki hii kuna binti analipia kozi ya programu ambayo mwenye mali keshaipangia siku ya kuzikwa.

Nianze na wazee. "Darasa la nane la mkoloni anaandika barua ya Kiingereza kuliko fomu foo wenu." Kauli hii ina ukweli wake, ila inaficha chujio. Tanganyika ya mkoloni iliingiza shuleni watoto wachache, na mtihani wa darasa la nne ukawarudisha nyumbani wengi wa hao wachache. Waliobaki wakaenda shule za kati, darasa la tano hadi la nane, wakachujwa tena, ndipo kikundi kidogo kikafika Tabora, Pugu au Minaki. Babu anayetusimulia kwa Kiingereza kilichonyooka ni yule aliyepenya kote huko. Wenzake walioishia la nne hatuwasikii wakiisifia shule.

Azimio la Musoma la 1974 ndilo lililobadili hesabu. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo ya haraka ili wakafundishe, na madarasa yakajaa. Wastani ulishuka, ndiyo. Lakini sasa ulikuwa ni wastani wa watoto ambao zamani wasingehesabiwa kabisa. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003 ilipitia hali kama hiyo.

Hata takwimu za ufaulu ukizishika unateleza. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa. Miezi michache baadaye yakafutwa na kupangwa upya. Kisha ikaja GPA badala ya madaraja, kisha tukarudi kwenye madaraja. Ukilinganisha miaka hiyo unapima nguo kwa futi kamba ambayo fundi cherehani anaikata na kuiunga kila msimu.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo nawapa wazee bila kubisha: mitihani ya ufundi ya zamani ilimtaka mtu atende. Seremala alitoa kiungo cha mbao mezani kikaguliwe. Mpiga chapa alipiga chapa. Somo la kompyuta lilipokuja lilikuta shule nyingi hazina umeme wala mashine, likafundishwa ubaoni, mtoto akachora kibodi kwenye daftari na kuandika majina ya vitufe. Hata zilipopatikana mashine, tabia ile ilibaki. Kinachokaririshwa ni mahali pa kubonyeza. "Taja hatua za kubadilisha nafasi kati ya mistari katika Word": swali la aina hiyo nimeliona kwenye mitihani ya ndani mara nyingi kupita kiasi.

Ubaya wa kukariri vitufe ni kwamba vina mwenyewe, na mwenyewe huvihamisha. Microsoft walipotoa Office 2007 waliondoa menyu zilizozoeleka wakaweka utepe wa vitufe juu ya kioo. Aliyekariri hatua za Word 2003 akawa mgeni kwenye programu yake mwenyewe. Aliyefundishwa aya ni nini, mtindo wa kichwa cha habari unafanya kazi gani, na jinsi ukurasa wa yaliyomo unavyojitengeneza ukiitumia mitindo hiyo vizuri, alihangaika kidogo akaendelea na kazi. Huyo wa pili ukimpa LibreOffice, programu huria ya ofisi, leo hakuulizi chochote zaidi ya "kuchapisha ni wapi?"

Sasa leseni. Maabara nyingi ninazozikuta zina Windows iliyopigwa na fundi wa mjini kwa flashi, kisha ikakrakiwa, yaani ikavunjwa kufuli la leseni. Programu hizo za kukraki, kabla ya yote, zinakutaka uzime antivairasi. Kwa hiyo mwanafunzi anamwona mtu mzima akizima ulinzi wa mashine ili aingize kitu kisichojulikana kilikotoka. Hilo ndilo somo la kwanza la TEHAMA analoondoka nalo, silabasi iwe imeliandika au haikuliandika. Baada ya hapo masasisho nayo yanazimwa, kwa kuogopa onyo la leseni kwenye kioo. WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipozunguka dunia Mei 2017, kiraka cha udhaifu ule kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi. Kilichowaponza wengi ni mashine kutosasishwa.

Na tangu 14 Oktoba 2025, huduma ya kawaida ya Windows 10 imekoma. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani. Kwa Intel, ukiacha chache, ni kuanzia kizazi cha nane. Kompyuta za mitumba zilizojaa mashuleni ni za kizazi cha pili, cha tatu, cha nne. Zinawaka, zinaandika, zinachora grafu. Kwa kampuni zimekwisha, kwa shule ya kata bado ni mali.

Hapo ndipo programu huria inapoingia mashuleni kwetu, japo yenyewe ilizaliwa na hoja nyingine. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo huria wa kuendesha kompyuta, mwaka 1983 alikuwa anapigania haki za mtumiaji: kuendesha programu kwa shughuli yoyote, kuichungulia ndani, kuibadilisha, kuigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaleta kiini cha mfumo kilichokuwa kinakosekana, na mchanganyiko wake ndio tunaouita Linux. Watu wakisikia habari hiyo wanabaki na "bure" tu. Kwa shule, bure si hoja nzito, maana Windows ya kukraki nayo hawakuilipia. Kinachonivuta mimi ni ruhusa. Mtoto wa kidato cha pili anaondoka na LibreOffice kwenye flashi, anaiweka kwenye kompyuta ya mjomba wake, na hakuna sheria aliyoivunja. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi ikiwa kwa Kiswahili, bila kumpigia mtu magoti. Microsoft nao walileta sura ya Kiswahili ya bidhaa zao miaka hiyo hiyo. Tofauti ni nani mwenye kuamua ianze lini na ife lini.

Nikifika kwenye mashine za RAM ya GB 2 huwa naweka Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi la Linux. Kuiweka hakuna kazi. Kazi ni mtihani wa moko wa Fizikia. Mwalimu kauandika nyumbani kwa Word, anaufungua maabara, anakuta mchoro wa swali la saba umehamia ukurasa wa pili na nafasi za kujibia zimevunjika. "Fundi, hii Linux yako imenivurugia mtihani." Ana haki ya kulalamika, ila mchawi ni fonti. Kwa miaka mingi Word ilikuwa inakuja imewekwa Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haimo ndani ya Linux. LibreOffice ikiikosa inatafuta mbadala. Ikiwepo Carlito, ambayo imechongwa ili kila herufi iwe na upana ule ule wa herufi ya Calibri, ukurasa unakaa kama ulivyokuwa. Isipokuwepo, inashikwa fonti nyingine yenye herufi pana zaidi, neno la mwisho linashuka mstari wa chini, mstari unasukuma mstari, na mchoro unajikuta ng'ambo. Cambria mbadala wake ni Caladea, Times New Roman ni Liberation Serif. Weka hizo tatu, fungua faili upya, mchoro umerudi kwao. Malalamiko mengi ya "Linux inaharibu faili" yanaishia hapo. Yasiyoishia hapo ni ya makro za Excel (maagizo ya kujiendesha yaliyoandikwa ndani ya faili), na kwa hizo sina dawa zaidi ya kukaa chini na kuziandika upya.

Upande wangu nao una porojo zake. Kila kona ya mji kuna fundi wa kupiga Windows; wa Linux utampigia simu, naye yuko mkoa wa tatu. Printa za bei chee zinakuja na dereva ya Windows pekee. Nimewahi kukuta maabara iliyoletwa na wafadhili, Linux safi kabisa, lakini nywila ya msimamizi waliondoka nayo kwao. Walimu hawakuweza kuongeza hata printa. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ulikuwa wazi kwa dunia nzima, mashine imefungwa kwa wenyewe.

Halafu ile kauli kwamba macho mengi yakitazama msimbo hakuna kasoro inayojificha. Machi 2024 iligundulika kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mahali penye Linux, ilipachikwa mlango wa nyuma na mtu aliyejijengea uaminifu kwa muda mrefu hadi akakabidhiwa kuitunza. Aliyemuumbua ni Andres Freund: aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde hivi, akakataa kulipuuzia. Freund ni mwajiriwa wa Microsoft, kwa taarifa ya wanaopenda kugawa watu kambi. Uwazi ulimwezesha kuchimba mpaka mwisho. Lakini maelfu waliokuwa na haki hiyo hiyo ya kuchungulia hawakuwa wamechungulia.

Kwa hiyo mkuu wa shule akiniuliza, jibu langu ni fupi. Mhasibu abaki na Windows kama programu yake ya hesabu inaendeshwa humo tu, inunuliwe leseni, risiti iingie kwenye faili. Maabara iwe huria. Nguvu zilizobaki tuzipeleke kwenye mtihani, maana mwalimu atafundisha kile kitakachoulizwa hata ukimwekea mashine za dhahabu. Kenya inaiaga 8-4-4, mfumo wake wa elimu wa tangu 1985; KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanyika 2023, na mtaala mpya unasema unapima umilisi, yaani uwezo wa kutenda. Tanzania nayo, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, inazungumza lugha hiyo hiyo. Basi na kompyuta ipimwe hivyo.

Jaribio ninalowapa walimu ni hili. Faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zake zikitenganishwa kwa alama kama mkato) lina majina ya wanafunzi 40 na alama za masomo matatu. Tafuta wastani wa kila mmoja, wapange kuanzia wa juu, weka alama kwa walio chini ya 30, andaa karatasi moja ya A4 ya kubandikwa ubao wa matangazo. Dakika 40. Swali halitaji programu yoyote. Baadhi ya mashine zina LibreOffice, nyingine Excel yenye leseni yake.

Wanaokariri hukwama mlangoni: data yote inafunguka ikiwa imerundikana kwenye safu moja, kwa sababu mashine ilitegemea nukta-mkato na faili limetumia mkato. Aliyeelewa CSV ni nini anabadilisha kitenganishi anaendelea. AVERAGE, fomula ya wastani, inaandikwa sawa kote kuwili. RANK, fomula ya nafasi, ikiwapa watoto wawili nafasi ya nne na kumruka wa tano, namtaka mwanafunzi aniambie kwa nini, kwa mdomo wake. Na kasi ya kuandika nimeirudisha kwa kutumia Klavaro, programu huria ya kujifunza kupiga chapa kwa vidole vyote. Walimu hugoma mwanzoni kuliko wanafunzi, hasa wale wa vidole viwili.

Usahihishaji ni wa karatasi zenye namba za mtihani tu. Tunakagua wastani, mpangilio, na kama tangazo linasomeka kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani. Gharama ya wino ilipowashinda, baadhi ya shule zilianza kukusanya PDF kwenye folda moja ya mtandao wa maabara. Mjanja akifungua sifa za PDF hiyo ataiona programu iliyoitengeneza. Mpaka sasa hakuna msahihishaji aliyejisumbua kuangalia.