Mradi wa uzoefu wa mtumiaji: nani hufanya nini, na kazi hupangwaje

Uzoefu wa mtumiaji ni yote anayoyapitia mtu anapotumia huduma: tangu anapoisikia mara ya kwanza, anapoifungua kwenye simu, hadi pale jambo linapokwama akalazimika kuomba msaada. Don Norman, mtaalamu wa ubunifu wa Marekani aliyeieneza dhana hii akiwa Apple mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikusudia upana huo. Mteja anayetaka apambiwe skrini tu anaomba sehemu ndogo ya kazi yenyewe.

Katika mradi, mteja ndiye anayelipa na mtumiaji ndiye atakayebonyeza. Kwa kuwa mara nyingi hao ni watu wawili tofauti, lazima awepo mtu wa kuwaunganisha. Mtafiti huwafuata watumiaji walipo, akawaangalia wakifanya shughuli zao na kuwauliza maswali. Mbunifu wa mtiririko hupanga hatua: skrini ipi itangulie, na mtu akikosea arudi vipi. Mbunifu wa mwonekano hushughulikia rangi, herufi na vitufe. Yupo pia mwandishi wa maneno ya kwenye skrini, na huyu naona ndiye anayepuuzwa kuliko wote. "Ombi lako limeshindikana" humwacha mtu na wasiwasi. "Salio halitoshi, hujakatwa pesa" humtuliza papo hapo. Kwenye timu ndogo mtu mmoja hubeba majukumu mawili au matatu, na hakuna ubaya, ilimradi kila jukumu liwe na mwenyewe.

Kwa kawaida kazi huanza na utafiti, ikafuata michoro ya awali, majaribio na marekebisho, ndipo watengenezaji wa programu wakaanza kujenga. Mpangilio huo karibu kila mtu anaujua. Kigumu ni kuacha nafasi ili utafiti uweze kubadilisha wazo la mteja. Tazama M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005 kwa wateja wapatao 500 wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, na lengo lilikuwa kurahisisha upokeaji na urejeshaji wa mikopo. Watu wakaitumia kwa namna yao: wakatumiana pesa wao kwa wao, wakalipana kwenye biashara. Timu ikaliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa. Wangekaa ofisini wakichora, wasingeligundua.

Kwa hiyo, unapoandika mkataba, fanya utafiti uwe awamu yenye malipo yake, na gharama ya ujenzi ikadiriwe baada ya matokeo. Mteja akisema bajeti haitoshi, punguza idadi ya skrini, usifute majaribio. Majaribio hayahitaji umati: mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, alieleza kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, kisha unarekebisha na kujaribu tena na wengine. Wape kazi halisi, kama kumlipa fundi kwa simu, halafu ukae kimya uangalie kidole kinasita wapi.

Andika pia marekebisho yatafanywa mara ngapi ndani ya bei hiyo, na nani upande wa mteja ana idhini ya mwisho. Huyo awe mmoja, ajulikane tangu siku ya kwanza, na ahudhurie angalau jaribio moja. Aliyemwona mtumiaji akikwama hukubali marekebisho upesi kuliko aliyesomewa ripoti.