Mchanga Haudhuru, Vumbi Lake Je? Maswali Kuhusu Silika

Silika ni kitu gani?
Ni silikoni iliyoungana na oksijeni, na wanakemia huiandika SiO₂. Elementi hizo mbili ndizo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia, ndiyo maana silika imejaa kila mahali: mchangani, kwenye miamba, zege na matofali. Hata kioo cha dirisha kwa sehemu kubwa ni silika. Ni ngumu, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi.

Basi nikikanyaga mchanga nitaumwa?
Hapana. Punje zake ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu.

Hatari iko wapi?
Iko pale jiwe au zege linapokatwa, kutobolewa au kusagwa. Hapo hutoka vumbi laini ambalo jicho halilioni, na hilo ndilo linalofika hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za ulinzi hulimeza kama zinavyomeza vijidudu, ila haziwezi kulisaga. Hufa, humwaga kemikali zinazochoma, kisha seli nyingine huja kumeza chembe ileile. Mchezo huo ukirudiwa miaka na miaka, mapafu hujaa makovu na kukakamaa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, lakini vumbi likiwa zito sana, hata miezi inatosha. Makovu hayo hayafutiki kwa dawa. Mwenye silikosisi pia hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu, na tangu 1997 vumbi la silika ya fuwele (ile ya mawe na mchanga, ambayo atomi zake zimejipanga kwa mpangilio maalumu) limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa linasababisha saratani kwa binadamu.

Na vile vipakiti vya “usile” kwenye sanduku la viatu?
Ni silika pia, lakini isiyo na fuwele. Kazi yake ni kunyonya unyevu. Kwa kawaida si sumu. Hofu kubwa ni mtoto kupaliwa nacho.

Nakata mawe. Kitambaa puani kinatosha?
Hakitoshi hata kidogo. Anza na maji: lowesha jiwe unapokata, vumbi lisiruke. Kisha vaa barakoa yenye kichujio cha vumbi laini, inayobana vizuri usoni. Usifagie vumbi likiwa kavu, wala usirudi nyumbani na nguo za kazi. Ukianza kukohoa au kuishiwa pumzi, mwambie daktari kazi unayofanya, hata asipouliza.